Neno na Mahali Pake: Historia ya Tangazo Liendalo katika Barabara za Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Watafiti wa Kiswahili wamekusanya kwa bidii majina ya kanga na misemo iliyoandikwa kwenye daladala, matatu na malori. Kwa kawaida makusanyo hayo hupangwa kwa maudhui: misemo ya mapenzi, ya wivu, ya dini, ya siasa. Upangaji wa namna hiyo una manufaa yake, lakini unaacha pengo. Msemo ukishang'olewa kwenye bampa na kuingizwa katika orodha, unabaki kuwa maneno yasiyo na mahali. Msomaji wa orodha hawezi kujua kama msemo ulikuwa mbele ya gari au nyuma, nje au ndani, juu ya kichwa cha dereva au kando ya dirisha la abiria. Hajui pia ni nani aliyeusoma, kwa mwendo gani, na akiwa amekaa au amesimama.

Hoja ya msingi ya mhadhara huu ni kwamba, katika maandishi ya barabarani, mahali ni sehemu ya maana. Tangazo lililowekwa mahali pafaapo hufanya mambo mawili. Kwanza, humkuta msomaji pale ambapo jicho lake halina pengine pa kwenda. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi kwa Kiswahili, humpa mtu nafasi ya kusema bila kusema. Ili kuithibitisha hoja hiyo, mhadhara utaanza na mifano miwili ya ng'ambo inayoonyesha uhusiano wa tangazo na mwendo, kisha utafuata njia inayoanzia kwenye kanga, ikapita kwenye matatu na daladala, na kuishia kwenye kibandiko kidogo kilichobandikwa juu ya dirisha la matatu nchini Kenya. Matokeo ya kibandiko hicho yamepimwa kwa hesabu, na yanagusa uhai wa watu.

2. Tangazo na mwendo: mifano miwili

Katika karne ya 19, London ilikuwa mji wa msongamano hata kabla ya kuja kwa magari ya mota. Mwaka 1829 George Shillibeer alianzisha huko basi la kukokotwa na farasi, na baada ya miaka michache mabasi ya aina hiyo yalienea. Wafanyabiashara walitambua upesi kwamba mitaa iliyojaa watu na magari ilikuwa soko la macho. Walikodi watu watembee wakiwa wamevaa mbao mbili, moja kifuani na nyingine mgongoni, na wakatengeneza mikokoteni mikubwa ambayo haikubeba chochote ila matangazo. Mikokoteni hiyo iliziba njia kiasi kwamba sheria ya mwaka 1853 iliyohusu magari ya kukodi ya London ilikataza kutembeza matangazo kwa gari, kwa farasi au kwa miguu kwa namna ya kuziba njia au kuwakera wapitao. Tangu mwanzo, basi, tangazo la barabarani limekuwa jambo la mabishano baina ya biashara inayotaka kuonekana na mamlaka inayotaka njia iwe wazi.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Mwaka 1925 kampuni moja ndogo ya jimbo la Minnesota ilianza kuitangaza krimu yake ya kunyolea ndevu, Burma-Shave, kwa mbao fupi zilizosimikwa kando ya barabara. Badala ya kuweka maneno yote katika bango moja, kampuni iliyagawa katika mbao zilizofuatana, kwa kawaida sita, zikiachana kwa umbali wa kiasi cha mita 30. Kila ubao ulikuwa na maneno machache tu. Zikisomwa kwa mfululizo, mbao hizo zilikuwa shairi fupi la kuchekesha, na ubao wa mwisho ulitaja jina la bidhaa. Ustadi wake haukuwa katika vina peke yake. Umbali baina ya ubao na ubao ulipimwa kwa mwendo wa magari ya wakati huo, na msafiri aliyesoma mshororo wa kwanza alilazimika kungoja wa pili umfikie. Magari yalipoongezewa kasi na barabara kupanuliwa, mizani hiyo iliharibika. Mwaka 1963, baada ya kampuni kuuzwa, mbao ziling'olewa.

Mifano hii inatoa kanuni moja: urefu wa neno la barabarani hupimwa kwa kasi ya msomaji wake. Pale magari yanapokwenda kasi, neno linakuwa fupi au linagawanywa. Yanaposimama, neno linaweza kurefuka. Hata hivyo, kanuni hiyo haitoshi kueleza kilichotokea katika Afrika Mashariki, kwa sababu huko neno liendalo lilikuwa na mila yake kabla ya lami na mota kuenea.

3. Mgongo wa kanga

Mila hiyo ni ya kanga. Vazi hili lilianza katika miji ya pwani, Unguja na Mombasa miongoni mwake, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wanawake waliunganisha leso za kitambaa cha dukani wakapata vipande vipana, na baadaye wafanyabiashara wakaanza kuleta vitambaa vilivyokwisha kupigwa chapa kwa umbo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 yaliongezwa maandishi, kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi. Mapokeo ya biashara yanamtaja Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", kuwa ndiye aliyeanzisha desturi hiyo.

Kanga ina pindo, mji na jina. Jina, yaani msemo, huandikwa sehemu ya chini ya mji, katikati, juu kidogo ya pindo. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Kanga inapofungwa kiunoni, aghalabu maandishi huangukia nyuma. Mvaaji mwenyewe hawezi kuyasoma akiwa anatembea; anayeyasoma ni yule anayemfuata njiani, aliyekaa barazani akimtazama akipita, au jirani aliyekuwa akimsema jana. Msemo kama "Mwenye wivu ajinyonge" ungezua ugomvi kama ungetamkwa kwa mdomo mbele ya mlango wa mtu. Ukiwa kwenye kanga, mhusika ataupata ujumbe wake, lakini akitaka kulalamika hatakuwa na wa kumshitaki. Mvaaji atajibu kwamba amenunua nguo dukani kama wenzake.

Katika hali hiyo ndipo inapoonekana kazi ya pili ya mahali. Kanga humsemea mvaaji pasipo yeye kufungua kinywa. Jamii iliyoheshimu staha na kuchukia mabishano ya hadharani ilijitengenezea chombo cha kusema yale ambayo staha haikuruhusu, na chombo hicho kilifanya kazi kwa sababu kilikuwa kikienda. Msemo huohuo ukichorwa ukutani ungekuwa tusi au matangazo ya nyumba. Mgongoni pa mtu anayepita, ulikuwa fumbo.

4. Mgongo wa gari

Kenya Bus Service ilianza shughuli zake Nairobi mwaka 1934, ikiwa na mabasi ya kampuni yaliyofuata njia na saa maalumu. Baada ya uhuru, watu wengi waliohamia mjini waliishi mitaa ambayo mabasi hayo hayakuifikia ipasavyo. Magari ya watu binafsi yakajaza pengo hilo kinyume cha sheria, nauli ikiwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Ndiyo asili ya jina matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kubeba abiria. Dar es Salaam ilikuwa na hali kama hiyo. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974, lakini mabasi yake hayakutosha. Mwaka 1983 serikali ilikubali magari ya watu binafsi yasaidie, na nauli ya shilingi tano, ambayo sarafu yake iliitwa dala, ikayapa jina la daladala.

Tofauti ya basi la shirika na gari la mtu binafsi haikuwa ya umiliki tu. Basi la shirika halikuwa na haja ya kujitambulisha, kwa kuwa abiria hakuwa na jingine la kupanda. Daladala na matatu zilishindana kituo kwa kituo, na abiria mmoja alikuwa na magari matatu au manne mbele yake, yote yakienda Kariakoo au yote yakienda Eastleigh. Ushindani huo uliyafanya maandishi na michoro kuwa biashara. Gari lenye jina linalotamkika, rangi zinazovutia na muziki wa kisasa lilijaa kwanza. Wapiga debe waliliita kwa jina lake, na vijana wengine walikubali kuliacha gari tupu lipite wakingoja lile walipendalo. Kwa hiyo tangazo la kwanza lililobebwa na matatu lilikuwa la matatu yenyewe.

Mgawanyo wa maandishi hayo juu ya mwili wa gari unastahili kuangaliwa. Mbele, juu ya kioo, aghalabu liliwekwa jina la gari au sala fupi ya kuomba ulinzi, kwa kuwa upande huo ndio unaoikabili njia na hatari zake. Ubavuni ziliandikwa njia na vituo, habari anazozihitaji abiria aliyesimama kando. Nyuma ndipo palipotengewa kejeli, majigambo na mafumbo. Mpangilio huu unafanana na wa kanga kiasi cha kutoweza kuitwa sadfa. Nyuma ni upande wa mshindani aliyeachwa, kama vile mgongo wa kanga ni upande wa jirani mwenye wivu. Dereva aliyeandika msemo wa wivu kwenye bampa ya nyuma hakulazimika kumtukana mwenzake kituoni. Mwenzake aliusoma msemo huo kila alipopitwa.

Mamlaka haikukaa kimya. Nchini Kenya, kanuni zilizosimamiwa na Waziri John Michuki na kuanza kutekelezwa Februari 2004 zililazimisha mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano kuzunguka gari, na matatu ndogo zikawekewa ukomo wa abiria 14. Katika zoezi hilo michoro na majina mengi yalifutwa. Ilichukua muongo mmoja kabla ya michoro hiyo kutambuliwa tena hadharani kuwa sanaa na ajira ya vijana, pale Rais Uhuru Kenyatta alipoitetea mwishoni mwa mwaka 2014. Sheria ya London ya 1853 na kanuni za Nairobi za 2004 zilitofautiana kwa mengi, lakini zote mbili zilikiri kwamba neno linalokwenda barabarani lina nguvu ambayo serikali haiwezi kuipuuza.

5. Foleni na mgongo unaopangishwa

Kuanzia miaka ya 1990, biashara ilipoachiwa huru na magari kuongezeka, msongamano uligeuka kuwa sehemu ya maisha ya mjini. Katika Dar es Salaam, makutano ya Ubungo na yale ya Tazara yalijulikana kwa foleni ndefu kabla ya kujengwa madaraja ya juu, la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018 na la Kijazi lililofunguliwa mwaka 2021. Mtu aliyekwama hapo hakuwa na mandhari nyingine ila mgongo wa gari lililomtangulia. Wamachinga ndio waliokuwa wa kwanza kuielewa thamani ya nafasi hiyo: walipita baina ya magari wakiwa wamejitundika bidhaa mwilini, kila mmoja akiwa duka, bango na muuzaji kwa wakati mmoja.

Makampuni yalifuata. Yalitambua kwamba bango la kusimama hulipiwa ili lionwe na wapitao, ilhali basi lenyewe hulipeleka tangazo kwa waliokwama, na kuliweka mbele ya macho yao kwa muda wote wa foleni. Migongo ya mabasi, na baadaye mabasi mazima, ikafunikwa kwa rangi za kampuni. Biashara ya simu za mkononi iliisukuma mbinu hiyo mbali zaidi, ikapaka rangi zake maduka na kuta kando ya barabara kuu. Nchini Kenya kampuni moja ya simu iliyoanza mwaka 2000 kwa jina la Kencell iligeuka kuwa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, na kila badiliko lilidai rangi mpya. Nchini Tanzania, vibao vya majina ya shule nyingi vilibeba alama ya Coca-Cola. Aliyetafuta shule alilazimika kuliona jina la soda kabla ya kufika. Hakuna maneno ya kushawishi katika kibao kama hicho. Kinachoshawishi ni mahali pake, kwa kuwa kimejiunga na habari ambayo msafiri anaihitaji.

Pamoja na ustadi huo, kuna kilichopotea. Mwenye gari anapoupangisha mgongo wa basi lake, anapata kipato ambacho hawezi kulaumiwa kwa kukitaka, lakini fumbo lake linaondoka. Mahali palipokuwa pa mtu kumsemea mwenzake panakuwa pa kampuni kuwasemesha wote. Mabadiliko haya ni ya kihistoria, nayo hayaonekani kabisa katika orodha za misemo, kwa kuwa orodha hurekodi neno lililokuwapo bila kurekodi lililolifukuza.

6. Kibandiko juu ya dirisha

Ushahidi ulio thabiti kuliko wote kuhusu nguvu ya mahali haukutoka kwa wanaisimu wala kwa wafanyabiashara. Ulitoka kwa wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, waliotafuta njia nafuu ya kupunguza ajali za matatu nchini Kenya. Walitengeneza vibandiko vyenye maneno ya Kiingereza na Kiswahili, vingine vikiwa na picha za kutisha, vinavyomhimiza abiria amkemee dereva anayeendesha ovyo. Vibandiko vilibandikwa ndani ya gari, kwenye bati lililo baina ya dirisha na dari, ili kila abiria akalie kiti karibu na kimojawapo. Magari yaliyopewa vibandiko yalichaguliwa kwa bahati nasibu, na madereva walioviacha mahali pake waliingizwa katika shindano la zawadi za fedha.

Katika jaribio la kwanza, lililohusisha magari zaidi ya 2,000 na kuchapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka 2011, madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili, na madai yaliyohusu majeraha au vifo yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio la pili, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusisha magari yapatayo 12,000. Safari hii madai yalipungua kwa robo hadi theluthi moja, na watafiti walikadiria kwamba ajali 140 ziliepukwa kwa mwaka. Vibandiko vilivyowataka abiria waungane kusema vilifaulu zaidi. Sambamba na vibandiko, kampeni ilitangazwa redioni pia. Lakini watafiti hawakuweza kuona athari yoyote ya redio katika madai ya bima.

Matokeo hayo ya redio ndiyo yanayopaswa kuwashughulisha wanafunzi wa lugha. Himizo lililosikika nyumbani au kazini lilikuwa la kweli, lakini lilimfikia mtu mahali ambapo hapakuwa na dereva wa kukemewa. Kibandiko kilimkuta amekaa, gari likiwa mwendoni, hatari ikiwa mbele yake na wenzake kumi na watatu wakisoma maneno yaleyale.

Lakini kuonekana hakutoshi kuwa maelezo. Abiria wa matatu hakukosa kuijua hatari; alichokosa ni idhini ya kusema. Aliyempigia dereva kelele peke yake aliogopa kujibiwa kwa kejeli, kushushwa njiani, au kuonekana mwoga mbele ya wengine. Kibandiko kilipokuwapo, hakuwa yeye aliyeanzisha maneno. Maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa na gari lenyewe. Aliweza kunyoosha kidole tu. Kazi iliyofanywa na kanga kwa karne nzima, ya kumsemea aliyebanwa na staha, ilifanywa upya na karatasi yenye gundi juu ya dirisha.

Mwaka 2015 kampeni hiyo ilipanuliwa kwa jina la "Zusha!", na uteuzi wa neno hilo una somo lake. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili sanifu, kuzusha huambatana na mabaya: mtu huzusha ugomvi, fujo au uvumi. Ni tendo la yule anayevunja utulivu. Kampeni ililichukua neno la lawama ikaligeuza kuwa wajibu wa raia, nayo iliweza kufanya hivyo kwa sababu neno liliwekwa ndani ya gari, ambamo ukimya ndio uliokuwa hatari.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba biashara haikuwafundisha Waswahili kusoma neno liendalo. Iliwakuta wakilisoma migongoni mwa kanga, kisha migongoni mwa magari, ikaikodi desturi hiyo. Inaonyesha pia kwamba desturi hiyo ina uwezo mkubwa kuliko kuuza soda na muda wa maongezi, kwa kuwa neno likiwekwa panapostahili humpa sauti asiyekuwa nayo na kumfikisha nyumbani salama.

Kwa taaluma ya Kiswahili, wajibu unaofuata ni wa haraka. Mbao za Burma-Shave ziliponga'olewa mwaka 1963, seti moja ilihifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani, ikiwa na mfuatano wake kamili. Bampa za daladala za miaka ya 1980 ziliuzwa kama chuma chakavu, na michoro ya matatu iliyofutwa mwaka 2004 imebaki katika picha chache na kumbukumbu za waliopanda. Mabasi ya mwendo wa haraka yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016 yameondoa daladala katika baadhi ya njia zake za zamani, na misemo yake imeondoka nazo. Anayekusanya misemo leo anapaswa kuandika, kando ya kila msemo, ulikuwa upande gani wa chombo, ulimkabili nani, chombo kilikuwa kikienda au kimesimama, na ulichukua nafasi ya maneno gani. Msemo uliohifadhiwa bila mahali pake ni kama kanga iliyokunjwa sandukuni: maandishi yapo, lakini hakuna anayepita, wala hakuna anayesemwa.